Hali ya Ukweni

Jumanne, 5 Agosti
Leo nimekuwa mtu mpya! Nimetoka Majengo na kifaa. Si simu, simu anayo kila mtu. Hiki ni kifaa cha kupangia maisha. Kinaenea kiganjani. Kina kalenda, saa, makumbusho ya mambo ya kufanya, dira, kipimajoto, hali ya hewa ya miji ambayo sitafika, na sauti ya mama mmoja anayeongea kama msoma taarifa ya habari. Hamisi mwenye duka amesema wenye akili zao wote wanacho. Nimemwachia baiskeli yangu tukawa sawa.

Sababu ni Esteria. Mara mbili baba yake, mzee Damiani wa Peramiho, amechinja kuku akitungoja tukajitambulishe, na mara mbili sikutokea. Ya kwanza nilikosea Jumamosi. Ya pili nililala. Mzee amefanya useremala maisha yake yote kwa kufuata kengele ya abasia. Mtu anayechelewa, kwake ni mwizi tu. Ametamka kwamba Jumamosi hii ndiyo ya mwisho, nikikosa tena Esteria ataolewa na mwingine. Nampenda yule binti kuliko ninavyopenda kulala, na wanaonijua wanajua hilo si dogo.

Daftari hili naliandika leo kwa mara ya mwisho. Kuanzia kesho, kila kitu ndani ya kifaa.

Jumatano, 6 Agosti
Bado daftari. Kifaa kina shajara nzuri sana, ila kinataka neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama. Niliweka. Nimelisahau.

Jirani yangu Calvin amekuja kunywa chai na kitochi chake, kisimu cha vitufe kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Anasema kinafanya mambo matatu: kupiga, kumulika, kuamsha. Nikamhurumia. Akaniuliza changu kinafanya nini. Nikaanza kumweleza. Sijafika hata kwenye dira, kikombe kimeisha na mwenyewe kaondoka. Wivu mbaya!

Jioni baba mdogo Aidani, ambaye ndiye mshenga wangu, alikuja hapa Mjimwema kunipa onyo. Kwa ukoo wa mzee Damiani, wageni wa posa hawasimami mpaka mwenye nyumba atoe jibu. Bwana harusi mtarajiwa akisimama kabla ya jibu, ameiondoa posa mwenyewe, na hakuna maelezo. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia asihangaike, nimeshaweka kumbusho: USISIMAME. Akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeiingiza safari ya Jumamosi kwenye kalenda. Kazi ya dakika moja, ningesema zamani, nilipokuwa mshamba. Kifaa kiliuliza rangi ya tukio. Nikachagua zambarau. Kikauliza uzito wake, hisia zangu juu yake, kama linajirudia kila mwaka, kama kuna mzio wa chakula. Kikauliza nani waalikwe. Nikabonyeza "wote" ili nitoke pale. Nilikuwa nimechoka!

Mchana fundi aliyenichimbia choo akapiga simu kushukuru kwa mwaliko. Akauliza kama aje na mke.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Watu wanasherehekea, mimi nazunguka mji kuwaondolea watu mwaliko. Kinyozi amekasirika. Mwalimu wangu wa darasa la tano alishafua suti. Baba mdogo ameniambia, kwa sauti ya chini inayonitisha kuliko ile ya juu, kwamba tukitoka salama ukweni atanipeleka mwenyewe kukirudisha kile kidude kwa Hamisi.

Hajui nilivyojipanga. Kuna kengele inaitwa Amri Kali. Haizimwi kwa kidole. Inalia mpaka mwenye kifaa ainuke atembee, ndipo inanyamaza. Kwa mtu wa usingizi kama mimi, hiyo ni dawa! Nikaona pia kuna ulinzi wa ziada: kifaa kinajifunza mwendo wako, akitembea nacho mtu mwingine kinakataa. Nikaiwasha. Ya nini kununua kitu kizima halafu utumie nusu?

Gari linatuchukua alfajiri. Tuamke saa kumi na moja. Nimebonyeza 11. Calvin, ambaye baba mdogo amelazimisha tuongozane naye, alitaka kuniwekea ya kwake kwenye kitochi. Nikamkatalia kistaarabu. Nikamcheka baadaye.

Jumamosi, 9 Agosti
Sijui nianzie wapi.

Alfajiri kifaa kilikuwa kimya kama kimefiwa. Aliyeniamsha ni Calvin, akigonga dirisha na kunimulika usoni. Tukafika Peramiho mapema, mzee Damiani akatupokea akitabasamu. Akatabasamu, jamani! Tukaketi. Baba mdogo akaanza maneno yake, ya adabu, ya kuzunguka, ya kunukia. Esteria alipita na beseni la kunawia, akanitupia jicho. Mzee akakohoa, ishara kwamba jibu linakuja.

Mfuko wangu ukapiga kelele.

Ni Amri Kali. Calvin ndiye aliyenieleza baadaye, kwa raha zake zote, kwamba kidude kinahesabu saa kizungu. Kumi na moja yake ni saa tano yetu ya asubuhi. Kingeniambia basi!

Nikakikalia. Kikasema kutoka chini yangu: "Bado umelala, Sixbert. Inuka utembee." Nikakitikisa. Kikaongeza sauti. Juu ya kioo kumbusho la zambarau: USISIMAME. Chini yake: TEMBEA ILI KUZIMA. Jasho lilinitoka na baridi yote ile. Mama Severina, mama yake Esteria, akanionea huruma, akakichukua akatembee nacho uani. Tukamsikia anazunguka banda la kuku, na kidude kikipiga yowe: "Huyu si Sixbert! Huyu si Sixbert!" Mbwa wakaitikia. Majirani wakachungulia. Mama wa watu akarudi anahema, akanipa mkononi.

Baba mdogo alinishika suruali kwa nguvu. Lakini kelele ile, na mzee ananitazama... Nikasimama. Hatua chache tu. Kikanyamaza.

Mzee Damiani akasema basi, wageni wameondoa maneno yao, anawatakia safari njema. Kuku tuliacha mezani.

Jumapili, 10 Agosti
Misa sikwenda. Nimelia, naandika hivyohivyo, nimelia.

Alasiri Esteria akapiga. Amemlilia baba yake usiku kucha. Mzee amelegea kidogo tu: nije Jumamosi ijayo na baba mdogo, na mifuko iwe mitupu. Kisha Esteria akasema ya kwake mwenyewe. Kwamba hajawahi kuhitaji nikumbushwe kumpenda. Kwamba anataka mume wa kumtazama yeye, hataki wa kutazama kioo. Kwamba amechoka kunitetea, na hii ndiyo nguvu yake ya mwisho. Nikamwapia. Nilimaanisha kila neno.

Jumatano, 13 Agosti
Nimekwenda Majengo kukirudisha. Nilikwenda na hasira zangu zote!

Hamisi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasikitika. Akasema kosa si kifaa, kosa ni kwamba nilichukua toleo dogo. Toleo kubwa, akanieleza, lina Hali ya Ukweni. Ukiiwasha, hakuna kengele, hakuna kulia, adabu tupu. Kinatambua chenyewe kwamba uko mbele ya wakwe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema hakujua kama nina malengo makubwa.

Nimechukua kikubwa, nimemwachia kile kidogo na redio ya mama. Atanielewa nikileta mkwe.

Jumamosi, 16 Agosti
Niliahidi mifuko mitupu. Ilikuwa mitupu. Kifaa nilikivaa ndani ya soksi. Hakuna aliyetaja soksi.

Mbona mambo yalienda vizuri! Nimeketi, nimetulia, kidude hakipumui. Baba mdogo aliomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Mzee akaniuliza mbele ya watu kama nimekuja na kile kitu. Nikasema hapana, baba. Esteria alikuwa amesimama mlangoni, beseni la kunawia miguuni pake, akashusha pumzi. Nikamwona amefurahi. Sijawahi kuona uso mzuri vile.

Mzee akaanza kutoa jibu. Aliposema "wanangu", kutoka kwenye kifundo changu cha mguu ikasikika sauti ya msoma taarifa, tena ya upole: "Shikamoo, baba mkwe."

Mzee Damiani akaitikia "Marahaba." Kwa mazoea tu. Ndipo akatazama huku na huku kumtafuta aliyemwamkia. Macho yakashuka, yakashuka, yakatua kwenye soksi.

"Shikamoo, baba mkwe," soksi ikarudia.

Kumbe Hali ya Ukweni ikisikia mtu mzima akitamka "wanangu" inaamkia yenyewe. Adabu tupu, kama Hamisi alivyosema. Calvin alijifunika uso kwa kofia. Baba mdogo alifumba macho, nadhani alikuwa anasali. Mimi sikusimama! Hilo niandikiwe. Nimekaa kama gogo.

Safari hii aliyesimama ni mzee. Akasema angeweza kuvumilia kelele, lakini amemuuliza kijana swali moja, na kijana amemdanganya akimtazama machoni. Akatoka nje. Esteria aliinama, akaokota beseni lake, akaingia ndani. Hakugeuka nyuma.

Jumatatu, 18 Agosti
Siku mbili sijala. Mama analala bila taarifa ya habari na haniongeleshi. Jana Esteria alituma ujumbe kwa kitochi cha Calvin, si kwangu, akiomba nisimtafute tena. Calvin alinisomea taratibu, bila kucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nimekaa nimetafakari kwa kina. Nimeliona kosa langu, na ninalikiri hapa waziwazi: nilikuwa sijasoma maelekezo yote. Mtu mwenye kifaa kama hiki hana sababu ya kuteseka. Kuna sehemu inaitwa Tiba ya Moyo! Nimeweka kumbusho: MSAHAU ESTERIA. Kikauliza picha. Nikaweka ile aliyopiga siku ya Pasaka. Kikauliza sauti. Nikaweka ya kwake, akiniita jina langu. Kikauliza lirudie mara ngapi. Nikachagua kila saa, maisha yote.

Limeshalia mara tano tangu asubuhi. Linafanya kazi vizuri sana.