Shahada Yangu ya Matanga

Jumatatu, 3 Novemba. Asubuhi mvua nyembamba, baridi, mtaa wetu wa Anderlecht wote kijivu.

Chuo kinaruhusu mwanafunzi ajipangie masomo yake kwa kuunganisha idara tatu. Nimeunganisha sheria (kusafirisha maiti), upishi (wali wa watu mia mbili) na saikolojia (wajane). Jina: Elimu ya Matanga. Ulaya nzima hakuna aliyewahi kulifikiria! Madame Inès, mshauri wa masomo, alisoma kurasa zote kumi na nne, akavua miwani. Anataka mfano wa kazi halisi ifikapo Alhamisi. Nikishindwa, nahamishiwa uhasibu. Huko yuko binamu yangu Jémima, ambaye tayari ananiita Profesa wa Misiba.

Jumanne, 4 Novemba. Mvua.

Tatizo: hakuna aliyekufa. Nimepigia simu familia tisa za kanisani. Wote wazima. Nilisema Mungu asifiwe mara tisa, kila mara kwa shida zaidi.

Nikapanda kwa Papa Polycarpe, jirani yetu wa ghorofa ya nne, miaka themanini na moja, anakohoa tangu Septemba. Nilimpelekea supu, nikamuuliza anapenda kwaya ipi. Akauliza, kwaya ya nini? Nikasema, kwa ujumla tu. Alimaliza supu. Kikohozi kimepungua. Nimevunjika moyo.

Jumatano, 5 Novemba. Ukungu.

Kazi halisi haihitaji maiti halisi! Nimeandika tangazo la mfano: saa, mahali, rangi ya vitenge, nani alete pondu, yaani kisamvu. Jina la marehemu nimeweka la Papa Polycarpe, kwa kuwa anwani yake naijua. Nikamtumia Maman Rolande, kiongozi wa kwaya, asahihishe. Hakusahihisha. Alilia, akalisambaza kanisa zima.

Saa kumi na mbili jioni watu sitini walijaa kwenye ngazi na masufuria, wakiimba. Papa Polycarpe alifungua mlango mwenyewe, kavaa pajama. Maman Rolande alipiga yowe, akakalia pondu. Papa akauliza kwa upole ni nani amekufa. Wote wakanigeukia mimi niliyesimama nyuma yao. Jémima, aliyekuja nao, akasema: bon, Profesa, mujibu papa!

Papa alitazama masufuria. Kisha akasema tangu azike mke wake hakuna muntu aliyepanda ngazi hizi kwa ajili yake, donc waingie, wakule. Mimi nibaki nje.

Nimebaki nje. Wali ulinukia vizuri.

Alhamisi, 6 Novemba. Mvua tena.

Nilimpelekea Madame Inès picha kumi na sita na orodha ya waliohudhuria. Akauliza habari za marehemu. Nikasema hajambo. Uhasibu, kuanzia Jumatatu.

Papa Polycarpe tumekutana mlangoni. Nilimsalimu. Akageukia ukuta.

Nimechunguza kosa langu kwa utaratibu, hatua kwa hatua. Nimelipata: nilichagua mzee mwenye afya. Harusi hazina tatizo hilo. Nimeandika mpango mpya, Elimu ya Ndoa, kurasa kumi na saba. Bibi harusi wa mfano ni Jémima. Bado sijamwambia. Bwana harusi bado sijampata, lakini tangazo nimeshampelekea padri.

Nalala sasa, saa nne na dakika saba usiku.