Mashine Yangu Haina Kelele

Jumatatu, 2 Machi
Nimeongea! Kantini, mbele ya watu sita! Tarakimu (jina kajipa mwenyewe) alikuwa akitamba kwamba hakuna mashine ya gemu yenye nguvu kama yake nyeupe. Nikajisikia nikisema nyeusi inaizidi kwa mbali, na kwamba yangu haitoi kelele hata kidogo. Wote wakanigeukia. Halafu wakanivutia kiti. Tangu muhula uanze nakula nimesimama karibu na bomba. Leo nimekaa.

Tatizo dogo: sina mashine. Ndiyo maana haina kelele.

Jumanne, 3 Machi
Nimekariri takwimu zote za nyeusi. Terafulopsi nazijua kwa lugha mbili. Maana yake siijui kwa hata moja. Dada kaona daftari, akauliza kama ni kemia. Nikaitikia. Akamwambia Mama mtoto kabadilika. Nimeongezewa nyama. Dhamiri iliniuma, ila nyama ilikuwa laini.

Mezani nimemshinda Tarakimu kwenye kasi, kanishinda kwenye picha. Akasema maneno basi: Jumamosi kwao, mashine kwa mashine, na atakayeumbuka ahame meza. Wote wakapiga meza kwa shangwe. Na mimi nikapiga. Jamani, kwa nini nilipiga?

Alhamisi, 5 Machi
Nimekwenda kwa fundi wa televisheni. Ana ganda la mashine nyeusi, utumbo wote ulishatolewa. Kanipa bure, akasema hata panya wamelikataa. Shida: jepesi kama boksi la viatu. Nikatia ndani pasi ya Bibi. Uzito safi! Hata waya umetokea nyuma, palepale panapotakiwa. Nitasema fundi kakataza isiwashwe. Nani kama mimi?

Jumamosi, 7 Machi
Sebuleni kwao. Meza nzima ilikuja. Tarakimu akaipima mkononi, akakiri ni nzito. Nikavimba kichwa. Kabla sijataja katazo la fundi, akachukua waya, akachomeka ukutani. Nilitaka kumwambia achomoe. Sauti haikutoka. Mimi na aibu zangu! Mmoja akasifu kwamba kweli haina kelele. Mwingine akauliza mbona inanuka. Ganda likaanza kulegea kama mshumaa. Mama yake akaja mbio, akachomoa, akachungulia ndani, akauliza nani kaleta pasi.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nikatafuta viatu vyangu. Tarakimu akanishika shati, akasema kwenye joto nimemshinda kabisa, kisha akanitia padi ya kuchezea mkononi. Kumbe kwao hana wa kucheza naye! Nikafungwa tisa bila. Sijawahi kufurahi hivi. Na kiti changu, akasema, kipo palepale. Nimeapa: uongo basi.

Jumatatu, 9 Machi
Kiti kipo! Bibi kauliza pasi inanuka plastiki kwa nini. Nimemwambia ni hali ya hewa.

Mezani wakaanza habari za televisheni, ya nani ina kioo kikubwa. Nikanyamaza vizuri kabisa, karibu dakika nzima. Halafu sauti ikasema yetu imejaa ukuta hadi tumehamisha mlango. Sauti nilishaijua.

Wanakuja Jumamosi. Fundi anayo fremu moja kubwa, tupu, haina hata kioo. Dada ana sauti nzuri ya taarifa ya habari. Nitamwomba akimaliza kufua.