Wachungaji Wote ni Tory

Jumanne, 27 Julai 1714

Utenzi umekwisha! Beti mia mbili za raha ya shamba. Wachungaji wangu wa kondoo wote ni Tory, chama kinachotawala. Mbwa mwitu ni Whig, wapinzani wao. Bwana Ambrose Thirkell, mwenye ardhi hapa na Tory wa kutupwa, akiusoma lazima anipe ile nyumba yake ya bustanini nikae bure. Nasikia mshairi mwenzangu Peregrine Stote naye ameandika, kuhusu matufaha. Matufaha ya Whig! Mpumbavu yule. Nani amewahi kuona tufaha lenye chama?

Alhamisi, 29 Julai

Nimemsomea Dorcas Hebb, mchungaji hasa, nikitafuta sifa. Hakusifu. Aliuliza uzio uko ubeti wa ngapi. Uzio gani? Ule ambao Bwana Ambrose ameuzungushia malisho ya kijiji, na kondoo wa Dorcas sasa wanatafuna vumbi la barabarani. Nikamwambia ushairi hauna uzio. "Basi hauna macho," akanijibu, "na wewe bwana huna haya." Mimi! Nimekasirika hadi jibini nimeiacha nusu.

Jumatano, 4 Agosti

Malkia alikufa Jumapili! Mfalme mpya anawapenda Whig: sasa wanapanda, Tory kwisha habari yao. Mama yule asingeweza kusubiri wiki moja tu? Nimekaa kutwa nikifuta. Kila Tory sasa Whig, kila Whig Tory. Kesho kutwa nausoma kwa Lodi Wexcombe, Whig mkubwa kuliko wote huku.

Ijumaa, 6 Agosti

Laana! Ukurasa wa kumi na moja sikuugusa. Nimesoma kwa sauti kuu, mbele ya wageni wote, jinsi mbwa mwitu wa Whig alivyochomwa mkuki. Lodi akasimama. Stote, aliyekuwa pale akila bata wa watu, alicheka hadi akapaliwa. Kwa bahati mbaya alipona. Nimetolewa kupitia jikoni.

Jumatatu, 9 Agosti

Dorcas na wenzake wameukatakata uzio mchana kweupe. Ijumaa anasimama mbele ya hakimu; huenda akafungwa. Amekuja, macho mekundu, kuniomba nimwandikie utetezi. "Ukurasa mmoja tu, bwana. Bibi yangu alilisha pale, mama alilisha pale, nami nimelisha pale. Basi. Usiniwekee maua." Nimemwapia.

Ukurasa mmoja! Ananiona karani? Nimeshafika ubeti wa tisini, na humo shairini ndiyo kwanza jua linachomoza. Hakimu nimemfanya mungu wa mito. Sijui tu hakimu mwenyewe ni wa chama gani. Nimeacha nafasi wazi, nitajaza mahakamani.