Mnunuzi wa Hisa Zangu Elfu Tatu

Kitwe, Jumatatu, 3 Juni

Miezi minane tangu nitie pesa za friza ya mke wangu, Mama Mutale, kwenye hisa elfu tatu za kiwanda cha biskuti cha Lufubu. Redio ilisema masoko machanga ya hisa ndiyo yanayokua haraka. Nilimwahidi Mama Mutale friza mbili. Nilinunua kwa kwacha mbili kila hisa. Leo nimepita kwa wakala wa hisa: kwacha mbili. Uthabiti wa ajabu!

Mama Mutale bado anapoza munkoyo, kinywaji chake cha mahindi cha kuuza, kwenye ndoo ya maji.

Jumanne, 4 Juni

Jirani yangu Sikazwe, mfuga kuku, ameniuliza kutoka ng'ambo ya ua kama hisa zangu zimeanza kutaga. Nikamwambia mayai huvunjika. Akasema angalau ya kwake yana wanunuzi. Mjinga!

Neno limenichoma, hata hivyo. Nikaenda kuuza. Dada Mwangala, wakala, akaniambia kwa upole: baba, bei ipo, mnunuzi hayupo. Haijauzwa hata hisa moja ya Lufubu tangu nizinunue mimi. Kumbe soko zima ni mimi!

Alhamisi, 6 Juni

Mkakati. Watu wakizipenda biskuti, watazitaka hisa. Nimegawa katoni mbili kwenye mazoezi ya kwaya yetu ya kanisani. Wimbo wa pili haukuimbika. Makoo makavu, besi wawili wamepaliwa. Mama Mutale akawaokoa kwa munkoyo, ukaisha wote. Hakuna aliyeulizia hisa.

Njiani kurudi, mke wangu akaniuliza kama kweli nataka kuziuza. Nikakiri: nataka tu apate friza yake. Akanishika mkono mpaka mlangoni. Barabarani, mchana kweupe!

Jumatano, 12 Juni

ZIMENUNULIWA! Zote, kwa mkupuo! Dada Mwangala alitabasamu kupita kiasi. Mnunuzi ni bepari wa Johannesburg, bila shaka.

Jumatatu, 17 Juni

Pesa zimetoka, friza imefika kwa mkokoteni. Sikazwe amesaidia kuiingiza, akabanwa kidole. Sikucheka sana. Mama Mutale ameifuta vumbi mara tatu, huku akiimba.

Jumanne, 18 Juni

Nimetafuta miwani yangu ndani ya Biblia yake. Nimekuta karatasi ya wakala: Lufubu, hisa elfu tatu, jina la mke wangu. Kumbe ndiko zilikokwenda pesa zote za zamu yake ya upatu!

Karatasi nimeirudisha palepale. Nimeosha vyombo, hata sufuria iliyogandwa na nshima, ugali wetu. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 19 Juni

Nimefikiri kwa utulivu. Huyu mwanamke huzunguka soko zima mara mbili kabla ya kununua fungu la nyanya. Hajawahi kutupa hata sarafu moja ya ngwee. Naye amezoa hisa zote elfu tatu! Anajua jambo. Mimi nimeuza mapema, kama mshamba. Nazitaka tena.

Nimemwuliza Sikazwe, juujuu tu, friza iliyotumika siku mbili inaweza kupata bei gani.