Herufi Moja na Redio Yangu

Jamani wa Pweto, leo nimejivua nguo mahakamani. (Kwa maneno. Tulieni.)

Mnajua tangu nivuke ziwa kuja huku Nchelenge, ng'ambo kwa wasema Kibemba, naishi peke yangu, mimi na redio. Inanisalimia alfajiri, nami naiitikia. (Ndiyo, naiitikia. Ninyi mna wake.) Jirani yangu Bana Chanda, mama muuza samaki, amechoka. Anasema naifungulia mpaka samaki wake waliokauka wanaamka. Akanishitaki! Nikaamriwa niende na redio yenyewe, iwe ushahidi. Nikishindwa, inabaki huko.

Sikuogopa. Kila jioni nakaa sokoni kwa Shi Mutale, fundi baiskeli, anayezichambua hukumu za mahakama yetu kuliko hakimu mwenyewe. Juzi alikuwa na mpya: mzee mmoja wa kisiwa cha Kilwa, hapa hapa ziwani kwetu, alishitakiwa kwa kelele za mbwa wake, akashinda, akaondoka na mbwa.

"Alishinda juu ya nini, ba Shi Mutale?"

"Alisema, 'Ndi mulanda.' Ni Kibemba, ni kusema niko mutu bila mutu. Hakimu akamuhurumia. Sasa ile ni sheria, basi hata weye utashinda!"

Ndi mulanda. Leo njia nzima nimelirudia neno hilo kama mtoto aliyetumwa chumvi. Lilinikaa vizuri kuliko shati nililovaa, na hilo liliniuma kidogo.

Mahakama ilijaa. Hakimu, mzee wa miwani, akaniuliza kama nina la kujitetea. Nikasimama. Nikaweka mkono kifuani.

"Ndi mulandu!"

Karani akaandika haraka haraka. Nikadhani huruma imewashika, nikaongeza chumvi.

"Mulandu sana! Tangu mama yangu akufe, mulandu! Asubui mulandu, mangaribi mulandu!"

Wakaangua kicheko, hata askari wa mlangoni. Bana Chanda peke yake hakucheka. Anajua Kiswahili cha biashara. Akanivuta shati.

"Tata, mulandu ni kosa! Unasema uko na makosa tangu mama yako akufe!"

"Nilitaka kusema mulanda!"

"Imekwisha kuandikwa," karani akasema.

Hakimu akafuta machozi (ya kucheka), akauliza ni nani hapa Nchelenge ananijua, aje anisemee. Nikageuka. Shi Mutale, mtaalamu wangu, alikuwa anachunguza dari. Mabenchi yote yamejaa watu, na sikuona hata mmoja wa kumtaja. Hapo hata mimi sikucheka. Nilijisikia mpweke, jamani, kuliko siku niliyoshuka mtumbwini.

"Miye namujua," akasema Bana Chanda, yeye aliyenishitaki! "Kila asubui namusikia anaambia redio bonjour."

Wakacheka tena. Hukumu: kwa kuwa nimekiri mwenyewe, redio ikae mahakamani mwezi mmoja. Shi Mutale kesho atawachambulia watu hukumu hii sokoni, na mimi sitaenda.

Sasa nimerudi. Nyumba imetulia mpaka naisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Nawaomba msinicheke. Au basi, chekeni, ila vukeni ziwa mje mchekee hapa hapa.