Paja la Mbuzi na Mlafi wa Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi

Mazishi ya juzi yalifana. Mama yake Maame Serwaa amezikwa kama malkia, na mimi Kwaku Amponsem, mwenye studio ya Mungu Hasinzii Video, nimepiga kila kitu. Jeneza. Machozi. Ngoma ya adowa ilivyochezwa. Hata mbwa wa jirani. Picha za saa sita nzima!

Jumamosi hii ukoo unakutana uani kwa Maame Serwaa kuitazama video. Wakiridhika, nitakuwa mpiga video wa ukoo mzima. Ukoo mkubwa. Wazee wengi. Nimewachunguza kwa makini wakati wa mazishi: karibu wote wanakohoa. Hazina!

Kuna doa dogo. Paja la mbuzi la kuchoma, lililowekwa kando kwa ajili ya mkuu wa ukoo, Opanin Boadu, liliyeyuka jikoni siku ile ile. Mzee wa watu akala wali mtupu. Maame Serwaa anamshuku wifi yake, Pinamang. Ametangaza mbele ya majirani kwamba video itamuumbua, na kwamba Pinamang ataomba radhi mbele ya ukoo kwa kondoo na chupa za jini. Pinamang amelia mpaka sauti imekauka. Anaapa hajaligusa.

Namwamini. Paja nililila mimi.

Si wizi. Nilisimama juani tangu asubuhi, hakuna aliyenikumbuka hata kwa maji. Asiyekumbukwa hujikumbusha mwenyewe. Na nani aliniona?

Jioni nimemaliza kuunganisha picha, nikabonyeza Toa Video. Maandishi yakatokea kwamba kazi imepelekwa nyuma ya pazia na itaendelea yenyewe. Kisha kimya. Nimechungulia nyuma ya kompyuta. Vumbi na mende mmoja. Nimebonyeza tena ili inielewe.

Jumanne, 5 Machi

Balaa!

Nimepitisha picha haraka haraka huku nikisubiri, nikamwona mtu jikoni anatafuna paja la mbuzi kwa mikono miwili. Mafuta mpaka kidevuni. Anaimba. Nikasema huyu mshenzi ni nani? Ni mimi!

Nimekumbuka. Niliiegesha kamera juu ya gunia la mihogo ili mikono iwe huru. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nikadhani inachaji. Inachaji kwa waya gani, sikujiuliza. Njaa haiulizi.

Nimekata kipande hicho chote, nikabonyeza Toa Video upya. Kimya. Nikabonyeza tena. Na tena. Nikabonyeza kama mtu anayebisha hodi kwa kiziwi. Sasa kompyuta inatambaa. Naandika jina langu, herufi zinakuja moja moja kama wageni wa harusi ya maskini.

Nikafungua ile orodha ya kazi zinazoendelea ndani ya mashine. Ala! Kuna mgeni. Ana jina refu lenye namba mwishoni, hana dirisha, hana sura, na anakula karibu ubongo wote wa kompyuta peke yake. Nimempa jina Mlafi.

Najua aliyemtuma. Ofosuhene! Studio yake inatazamana na yangu, na wiki iliyopita aliniazima flashi yake huku anacheka. Mtu haazimi flashi bure. Amenitilia jasusi ili nishindwe, yeye awarithi wazee wangu. Nimemkamata Mlafi nikamzima. Kompyuta ikapumua. Mimi pia.

Jumatano, 6 Machi

Sikukuu ya uhuru. Mtaani wanafunzi wanapiga gwaride, humu ndani mimi napigana vita.

Mlafi amefufuka. Nilimzima, akarudi. Nikamzima tena, nikaenda kununua kenkey, ugali wa kufungwa majani, kurudi namkuta anakula kuliko mimi. Yesu mwenyewe alisubiri siku ya tatu. Huyu hasubiri hata nimenye kenkey.

Na jambo la ajabu: kila nikimzima, kwenye diski kunabaki kipande cha video ambacho hakifunguki. Sasa diski imejaa vipande hivyo hadi kompyuta inanililia. Nimefuta picha za ubatizo wa watoto wa watu ili kupata nafasi. Watoto bado wapo, wapigwe nyingine.

Maame Serwaa amekuja akiwa bado kwenye nguo nyeusi. Ameuliza video iko wapi. Nimesema inaiva. Akauliza inaiva kwenye sufuria gani. Nikamwonyesha kioo, Mlafi, hila za Ofosuhene. Hakusikiliza hata nusu. Akasema kama Ijumaa jioni hajaishika mkononi, atachukua kadi zote za kamera azipeleke kwa Ofosuhene amalizie yeye.

Nimetoa jasho. Kwenye kadi mna jikoni! Mna paja! Mna wimbo wangu!

Kisha dumsor, umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza tangu juzi, Mlafi ametulia.

Alhamisi, 7 Machi

Mbuzi akifika kwa mchinjaji hachagui kisu. Nimekwenda kwa Ofosuhene. Si kuomba msaada, hapana. Kumbana. Nimemkuta kwa mama fufu, muuza chakula, nikamwambia mbele ya watu amwondoe jasusi wake.

Akauliza jasusi gani. Nikamtajia jina refu na namba zake. Alicheka hadi akapaliwa, mama fufu akampiga mgongoni kwa mwiko. Akaniambia, na nanukuu ili siku moja nimshitaki:

"Bwana mkubwa, huyo si jasusi, huyo ndiye mpishi wa video yako. Ni sawa na wewe uende sokoni Kejetia, umwite kayayo mmoja, umtwike mizigo kumi kichwani, halafu akianza kutembea unamtega mguu. Kisha unapiga kelele, jamani mizigo yangu mbona haifiki?"

Hata mama fufu alicheka, na yeye hajui kompyuta. Kayayo anawajua.

Kumbe kila nilipobonyeza Toa Video niliongeza mzigo kwenye foleni. Kumbe Mlafi anakula ubongo wa kompyuta kwa sababu kuzibana picha za saa sita ni kazi nzito, na kuula ubongo ndiyo kazi yenyewe. Kumbe anafufuka kwa sababu bado kuna foleni. Kumbe vile vipande ni mizigo niliyoiangusha njiani. Ofosuhene akasema nifute vipande, nibakize mzigo mmoja tu kwenye foleni, nizuie kompyuta isilale, nisifungue kitu kingine, halafu niondoe mikono yangu. Akasema pia kitu kuhusu mzigo, kwamba hubaki ulivyofungwa siku ulipomkabidhi mchukuzi, ukibadilisha baadaye yeye hajui. Lakini hapo supu yangu ilifika, ina ngozi ya ng'ombe juu. Sikushika vizuri.

Nimerudi nimefanya yote. Foleni ilikuwa na mizigo mingi, yote ina jina moja. Nibakize upi? Nimebakiza wa kwanza kabisa, ule wa Jumatatu. Mzaliwa wa kwanza ana heshima yake. Wengine wote nimewafuta.

Ijumaa, 8 Machi

Mlafi anakwenda! Asilimia thelathini. Hamsini. Feni ya kompyuta inavuma, meza ina joto la kupigia pasi. Naona nimemwonea bure, maskini.

Maame Serwaa amekuja mchana, akavuta kiti, akakaa nyuma yangu. Hakunisalimu vizuri. Amesema hataondoka bila video. Ameleta karanga, anatafuna peke yake.

Asilimia tisini na tisa. Nikashangilia. Ikasimama. Nikasubiri. Tisini na tisa. Nikanywa maji. Tisini na tisa! Nikajua Mlafi ameanza tena ukaidi wake. Nikapeleka kipanya pole pole kwenye ile orodha, nimzime, aamke na akili mpya.

Mkono ukatokea nyuma yangu. Maame Serwaa amechomoa waya wa kipanya, amekitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. Akasema, "Kwaku, hata ujauzito una mwezi wa mwisho. Utulie."

Nimetulia. Ningefanya nini? Bila kipanya mimi ni kipofu kwenye kompyuta. Na kabla karanga hazijaisha, maandishi yakatokea: Video iko tayari.

Amenirudishia kipanya kwa muda wa kunakili tu, huku amenisimamia kichwani. Nikataka kuitazama kwanza. Akasema ukoo mzima utaitazama kesho, mimi ni nani nitangulie. Akaondoka na flashi.

Basi. Jikoni nimekata. Pinamang hataonekana akila, wala mimi sitaonekana nikila. Kila mtu atasalimika. Nimelala usingizi mtamu kwa kutangulia, mchana huu huu.

Jumamosi, 9 Machi

Zile picha za jikoni ZILIKUWEMO.

Nimeelewa nilipojiona mbele ya ukoo mzima, kwenye shuka kubwa jeupe lililotundikwa ukutani. Mzigo wa Jumatatu ulifungwa Jumatatu. Nilikata Jumanne.

Mwanzoni walilia vizuri sana. Opanin Boadu alimfuta machozi mjane mmoja kwa kitambaa chake. Kisha jikoni. Kisha gunia la mihogo. Kisha mimi, mkubwa kama nyumba, na paja. Nikajaribu kusimama mbele ya shuka. Paja likaonekana kwenye shati langu.

Kwenye shuka nikashika mstari wa pili wa wimbo. Hapo akacheka mtu mmoja, kisha uwanja mzima. Wameomba irudiwe. Imerudiwa. Watoto wanaujua wimbo sasa.

Pinamang peke yake hakucheka. Alisimama, akajifunga nguo yake sawasawa, akamwambia wifi yake, "Maame, wiki nzima sokoni wananiita fisi. Sasa nisafishe kwa sauti ile ile uliyonishtakia."

Na Maame Serwaa, mkali yule, alisimama akasema mbele ya wote kwamba amemkosea. Wakashikana wakalia, kilio kizuri kuliko cha mazishi. Sikuwa na kamera.

Opanin Boadu ameniita. Amesema picha ni safi mno, hata mafuta ya paja lake kwenye kidevu changu anaweza kuyahesabu matone. Kesho baada ya kanisa, kondoo na jini nitaleta mimi, kwa Pinamang. Na sherehe ya kuomba radhi itapigwa video na Ofosuhene, ambaye tangu leo ndiye mpiga video wa ukoo.

Watu husema za mwizi ni arobaini. Mimi si mwizi, na zangu zimetimia saba. Hata hapo nimepunjwa!

Jumapili, 10 Machi

Nimeomba radhi. Nimepiga magoti kwenye kokoto. Kondoo alikuwa mnono, Pinamang amempokea. Ni kondoo wa mjomba wangu. Mjomba bado hajajua.

Nimewaza njia nzima. Kosa si langu, ni la Mlafi. Msaidizi mwenye adabu angeona kuna jikoni, angeuliza.

Sasa jambo la muhimu. Ofosuhene ameanza leo leo kuitoa video ya magoti yangu, wataitazama Jumamosi ijayo. Haiwezekani! Nimevuka barabara nikamkuta anaelekea chooni, akaniambia nimsubiri, nisiguse kitu. Kompyuta yake imefika asilimia tisini na tisa. Nimefungua orodha. Mlafi yule yule, jina refu, namba mwishoni! Nimemzima. Akafufuka, nikamzima tena, kisha kwa uhakika nikabonyeza Toa Video mara nyingi ili asijue pa kuanzia. Nilikuwa na njaa, na juu ya meza palikuwa na sahani yake ya kuku. Nimekula paja.

Hakuna aliyeniona. Studio ilikuwa tupu, ila kamera yake tu kwenye miguu yake mitatu, imenielekea. Taa nyekundu inawaka. Bila shaka inachaji.