Rambirambi Kiwandani

Marafiki, leo nimejiaibisha mpaka saa hii niko chini ya blanketi na viatu miguuni.

Kazi yangu mnaijua. Nazunguka viwanda vikubwa hapa Eldoret nikiuliza mashine zao zinafanya kazi kiasi gani, na ngapi zimelala tu. Kuna kiwanda kimoja cha chuma kimekuwa kikitufukuza. Bosi akaniambia, "Ukiwakosa hao, kandarasi yako imeisha."

Nimefika asubuhi. Kimya! Kiwanda cha kusikika hadi barabarani, leo hata nyundo hailii. Nikajiambia, hapa uwezo ni sufuri (mtaalamu mimi). Askari wa geti akaninong'oneza, "Ingia polepole, madam, wanaomba."

Ndani, wafanyakazi wote wameinamisha vichwa. Pasta yuko mbele. Kando yake kuna kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe, na maua juu. Pia kuna picha kubwa ya mzee mwenye kiwanda. Mama mmoja anafuta machozi. Woiye! Nikajua wamefiwa. Nikafuta lipstiki haraka.

Sasa si mnajua sisi, mgeni hawezi kuketi kabla asalimie watu. Pasta akaniona. "Mgeni wetu atupatie neno moja."

Nikawapatia mengi. "Bwana asifiwe! Poleni sana. Mzee alikuwa nguzo (sijawahi kukutana naye). Kazi ya Mungu haina makosa. Na wewe mama mjane, jipe moyo."

Yule mama akaacha kulia. "Mjane?"

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akavua kofia, akanigeukia. Uso ni ule wa kwa picha.

"Msichana wangu, mimi nimekufa lini?"

Shuka likavutwa. Mashine mpya! Walikuwa wanaiombea kabla iwashwe, na mama alikuwa analia kwa furaha. Watu walicheka mpaka pasta akashika ukuta. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Aki niliona aibu mpaka nikalia, na sikuwa naigiza.

Mzee akanihurumia, akanipeleka ofisini kwake. Nikauliza kwa sauti ya panya, "Kiwanda kinatumia uwezo wake kiasi gani?"

"Andika nusu," akasema. "Marehemu bado anajaribu."

Akajibu maswali yote. Kandarasi imepona. Lakini amempigia bosi simu, akasema kuanzia sasa atazungumza na mtu mmoja tu: yule aliyemzika. Jamani, msicheke. Nitarudi huko na uso gani?